Waliovunja Rekodi kwa Pedi: Kutoka Stanford hadi Tanga

Mashindano ya kwanza ya gemu ya kompyuta yanayojulikana yalifanyika tarehe 19 Oktoba 1972 katika maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Gemu yenyewe iliitwa Spacewar!, vyombo viwili vya angani vikirushiana makombora huku nyota iliyo katikati ikivivuta. Vijana wa MIT walikuwa wameitunga miaka kumi kabla, kwenye kompyuta kubwa kama kabati la nguo. Mshindi alikuwa Bruce Baumgart. Hakupewa fedha wala kombe. Zawadi ilikuwa kuletewa jarida la Rolling Stone kwa mwaka mzima.

Sasa ruka hadi Oktoba 2021, mjini Bucharest, Romania. Mashindano ya The International, ya gemu ya Dota 2, yaligawa zaidi ya dola milioni 40, kiasi ambacho hakijafikiwa na shindano lolote la gemu moja hadi leo. Timu iliyotwaa ubingwa, Team Spirit, iliondoka na zaidi ya dola milioni 18. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikutoka kwa wafadhili. Ilitoka kwa wachezaji wa kawaida: kampuni inayotengeneza gemu hiyo iliuza pasi za msimu na kutia robo ya mauzo kwenye mfuko wa zawadi. Ubingwa wa bei kubwa kuliko wote ukachezwa bila mashabiki ukumbini, kwa sababu ya UVIKO-19. Tiketi zilifutwa siku chache kabla. Baadaye utaratibu wa pasi ulibadilishwa, na kufikia 2023 mfuko uleule ulikuwa umeshuka hadi dola milioni 3 hivi.

Ninaanza na fedha kwa sababu ndizo zinazotajwa kwanza vijiweni. Kijana akitaka kumshawishi baba yake kwamba gemu si upuuzi, anamtajia mamilioni. Anamtajia Kyle Giersdorf, anayejulikana kama Bugha, aliyeshinda dola milioni 3 akiwa na miaka 16 kwenye Kombe la Dunia la Fortnite, New York, Julai 2019. Anamtajia Sumail Hassan, mzaliwa wa Karachi, Pakistan, aliyeuza baiskeli yake apate fedha za kukaa zaidi kwenye intaneti kafe, na mwaka 2015, akiwa na miaka 16, akawa bingwa wa dunia wa Dota 2. Au Johan Sundstein wa Denmark, nahodha wa OG, timu ya kwanza kutwaa The International mara mbili mfululizo, 2018 na 2019, ambaye zawadi zake zimepita dola milioni 7. Yote ni kweli. Lakini hoja hiyo ni dhaifu, na baba ana haki ya kuikataa: mabingwa wa aina hiyo wanahesabika kwa vidole, na waliojaribu ni mamilioni. Hoja yenye nguvu ni nyingine, nayo ni ya zamani kuliko mashindano yenyewe.

Gemu ilianza kufundisha kabla haijaanza kushindaniwa.

Mwaka 1964, miaka minane kabla ya Stanford, mwalimu wa shule ya msingi katika jimbo la New York aitwaye Mabel Addis alianza kuandika mchezo uliokuja kuitwa The Sumerian Game. Bodi ya elimu ya Westchester ilikuwa imeungana na kampuni ya IBM kutafuta namna ya kutumia kompyuta darasani. Addis alimweka mwanafunzi wa darasa la sita kwenye kiti cha mtawala wa Lagash, mji wa kale wa Sumeri, miaka 3500 hivi kabla ya Kristo. Kompyuta yenyewe haikumwonyesha picha yoyote. Alikaa mbele ya mashine ya kuchapia iliyounganishwa na kompyuta ya mbali, ikampa taarifa kwenye karatasi: una watu kadhaa, una nafaka kadhaa, mavuno yamekuwa hivi. Kisha yeye aamue: nafaka kiasi gani ziliwe na watu, kiasi gani zipandwe, kiasi gani ziwekwe ghalani. Akikosea hesabu, watu wanakufa njaa. Akiwa bahili wa mbegu, mwaka unaofuata ni mbaya zaidi.

Huyo mama ndiye mwandishi wa kwanza wa gemu anayejulikana, na mwanamke wa kwanza kubuni gemu ya kompyuta. Tuzo ya heshima ya waasisi wa sekta ilimfikia mwaka 2023, yeye akiwa amekwisha kufariki tangu 2004. Programu yake ya awali ilipotea. Nakiri kwamba jambo hili linaniuma, maana wazo lake halikupotea: lilinakiliwa, likafupishwa, likaenezwa kwa majina mengine, na kila gemu ya leo inayokutaka ujenge mji na kulisha wananchi wake ni mjukuu wa ile karatasi ya Lagash.

Gemu ya elimu iliyosambaa kuliko zote ilifuata mwaka 1971. Don Rawitsch alikuwa mwanafunzi wa ualimu mjini Minneapolis, akitakiwa kufundisha safari ya walowezi wa Marekani waliohamia magharibi kwa mikokoteni ya ng'ombe. Wenzake wawili aliokaa nao nyumba moja, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walijua kuandika programu. Kwa muda wa wiki mbili hivi wakaunda The Oregon Trail, na mapema Desemba wanafunzi wakaicheza. Ukitaka kuwinda, ulichapa neno la mlio wa bunduki; ukilichapa haraka umepata nyama, ukichelewa mnyama amekimbia. Kuhara damu, kuvunjika mguu, mto uliofurika: yote yaliweza kukumaliza njiani.

Baada ya muhula kwisha waliifuta kwenye kompyuta, wakabaki na karatasi ndefu iliyochapwa msimbo. Mwaka 1974 Rawitsch alipata kazi katika taasisi ya kompyuta za elimu ya jimbo la Minnesota, MECC, akaketi na kuichapa upya mstari kwa mstari, takriban mistari 800. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo lililoifanya gemu hiyo idumu: alirudi kwenye shajara za wasafiri wenyewe, akahesabu ni mara ngapi waliandika habari za mvua mbaya, ugonjwa, kupotea njia, akayaingiza matukio hayo kwa uwiano uleule. Mtoto aliyekufa kwa kuhara katika gemu hiyo alikufa kwa kiwango cha takwimu za kweli. Nakala zilizouzwa kwa miongo yote zinatajwa kuwa zaidi ya milioni 65.

Kwa nini mtoto anayechoka na ukurasa mmoja wa kitabu cha historia hakuchoka na karatasi ya Rawitsch? Kwa sababu kosa halikumwaibisha. Mkokoteni umezama, haya, anza tena, safari hii nunua chakula zaidi. Darasani mwetu kosa lina alama nyekundu na mara nyingine lina fimbo. Kwenye gemu kosa ni taarifa tu. Ukitazama rekodi zilizobaki kwa jicho hilo, zinaonekana tofauti.

Chukua rekodi ya Tetris. Alexey Pajitnov aliitunga Moscow mwaka 1984, na toleo la mashine ya Nintendo lililofuata baadaye halikuwa na mwisho uliopangwa. Kwa miaka mingi wachezaji waliamini ngazi ya 29 ndiyo ukuta, kwa kuwa kuanzia hapo vipande vinaanguka kwa kasi isiyoweza kufuatwa na kidole kinachoshikilia kitufe. Jonas Neubauer, bingwa wa dunia mara saba, alitawala enzi hiyo. Kisha kukaja vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya gemu yenyewe kutoka. Wakajifunza kwanza kutetemesha kidole gumba juu ya kitufe mara nyingi kwa sekunde. Mwaka 2018 Joseph Saelee, mwenye miaka 16, akamshinda Neubauer kwenye fainali kwa mbinu hiyo. Baadaye ikaja mbinu nyingine, ya kupigapiga mgongo wa pedi kwa vidole vinavyofuatana huku kidole gumba kimetulia juu ya kitufe. Kila aliyegundua kitu aliwaonyesha wengine. Hakuna aliyeficha.

Tarehe 21 Desemba 2023, Willis Gibson wa Oklahoma, mwenye miaka 13, alifika ngazi ya 157 baada ya dakika 38 hivi, na mashine ikaganda. Programu ilikuwa imeshindwa na hesabu zake yenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kuifikisha Tetris hiyo mahali pa kukwama. Kabla yake ni programu ya kompyuta tu iliyokuwa imefika huko. Mtangazaji mmoja wa televisheni Uingereza alitoa maoni kwamba mtoto huyo atoke nje akapate hewa safi. Ni maneno ambayo mzazi yeyote wa Temeke au Likoni angeyasema, na ninaelewa yanatoka wapi. Lakini mtoto wa miaka 13 aliyetulia, akasoma namna programu iliyoandikwa kabla hajazaliwa inavyofanya hesabu, akakariri ni wapi itakapoteleza na akafanya mazoezi hadi akaifikisha pale, amefanya kazi ya kisayansi. Angekuwa amefanya hivyo kwa zumari au kwa bao la kete, mtaa mzima ungemsifu.

Wale wanaohofia afya wana msingi wao pia. Shirika la Afya Duniani liliingiza ugonjwa wa kucheza gemu kupita kiasi katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Sheria kali kuliko zote ni ya China: tangu 2021, aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa kucheza gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 3, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Korea Kusini ilikuwa na sheria ya kuwafungia walio chini ya miaka 16 kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 alfajiri. Iliipitisha 2011, na mwaka 2021 ikaamua kuifuta na kuwaachia wazazi waamue.

Na ni Korea hiyohiyo iliyoipa dunia bingwa mkubwa kuliko wote. Lee Sang-hyeok, anayejulikana kama Faker, alizaliwa 1996. Alitwaa ubingwa wa dunia wa League of Legends mwaka 2013 akiwa na miaka 17, akaurudia 2015 na 2016, akakaa miaka saba bila taji la dunia, kisha akashinda 2023, 2024 na 2025. Mataji sita, na matatu ya mwisho mfululizo, jambo ambalo hakuna timu nyingine iliyowahi kulifanya. Aliacha shule ya sekondari ili acheze, na sisemi mtu amwige kwa hilo. Ninachokiheshimu ni ile miaka saba ya katikati.

Umati mkubwa nao ni wa Korea: mwaka 2004, fainali ya ligi ya StarCraft ilichezwa ufukweni Gwangalli, mjini Busan, na waliohudhuria walikadiriwa kuwa 100,000. Taifa lilikuwa limetoka kwenye msukosuko wa fedha wa 1997, vijana hawana kazi, intaneti ya kasi inasambazwa nchi nzima, na vyumba vya kukodi kompyuta vimejaa kila mtaa.

Mwaka huohuo wa 2004, huko California, kulichezwa sekunde chache zinazotazamwa tena na tena kuliko mechi yoyote ya kupigana. Daigo Umehara wa Japani alikuwa amebakiza uhai wa kutosha pigo moja tu katika Street Fighter III. Hata kukinga kwa kawaida kungemuua. Mpinzani wake, Justin Wong, akaachia msururu wa mapigo 15. Njia pekee ilikuwa kusukuma kijiti mbele kwa wakati barabara wa kila pigo, bila kukosea hata moja, na pigo la kwanza lilipaswa kupokewa kabla halijaonekana. Daigo akayapokea yote 15, akajibu, akashinda. Watu hukumbuka hapo. Wachache hukumbuka kwamba hakuwa bingwa wa shindano hilo. Alifungwa kwenye fainali.

Kutoka Lahore alikuja Arslan Siddique, maarufu kama Arslan Ash, ambaye ndani ya mwaka 2019 alishinda mashindano ya Evo ya Japani na ya Evo ya Las Vegas katika gemu ya kupigana ya Tekken 7, wa kwanza kuzichukua zote mbili katika mwaka mmoja. Kwenda Japani kulimpa taabu ya viza na ndege, na rupia zake hazikubadilishika huko, akawa hana hata fedha ya chakula. Alipoulizwa, alisema Pakistan wapo wengine wa kiwango chake. Wachezaji wa kwetu wanaijua habari hii vizuri. Wanajua pia taabu ya seva iliyo bara jingine: unabonyeza sasa, pigo linatoka baadaye, na umekwisha kupigwa. Ndiyo maana Afrika Mashariki, kama Lahore, vipaji vya gemu za kupigana na za mpira vinakua kwenye vibanda, watu wakiwa bega kwa bega, pedi zikipokezanwa na aliyefungwa akiinuka kumpisha mwingine. Katika mazingira hayo ndimo jina la Sylvia Gathoni wa Kenya, QueenArrow, lilipoibuka. Mwaka 2018, akiwa mwanafunzi wa sheria, alisajiliwa na timu ya kimataifa kucheza Tekken, Mkenya wa kwanza wa kike kufanya hivyo.

Rekodi za kazi za mikono na akili zilizotokana na gemu ni nyingi, nitataja chache harakaharaka. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda shindano la gemu ya Gran Turismo mwaka 2011 bila kuwahi kuwa dereva wa mashindano, na mwaka 2013 akashika nafasi ya tatu katika daraja lake Le Mans kwa gari la kweli. Madaktari wa upasuaji 33 waliochunguzwa New York, matokeo yakatolewa 2007: waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 katika mazoezi ya upasuaji wa tundu dogo. Mwaka 2011 wachezaji wa Foldit, gemu ya kukunja protini iliyoundwa Chuo Kikuu cha Washington, walipata ndani ya wiki tatu umbo la kimeng'enya cha kirusi cha nyani ambalo wanasayansi walikuwa wakilitafuta kwa zaidi ya miaka kumi. Na Minecraft, gemu iliyouzwa kuliko zote duniani, nakala zaidi ya milioni 300, ilitumiwa na UN-Habitat yenye makao Nairobi kuwapa wakazi wa Kibera nafasi ya kuchora kwa matofali ya kioo cha kompyuta viwanja wanavyovitaka. Mpango huo uliotangazwa 2012 umeenea hadi nchi zaidi ya 30.

Lakini rekodi ninayotaka Waswahili waijue kwa moyo ilivunjwa mkoani Tanga.

Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ilitangaza shindano la dola milioni 15, zilizotolewa na Elon Musk. Sharti: tengenezeni programu itakayomwezesha mtoto asiye na mwalimu kujifundisha mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu ndani ya miezi 15. Timu karibu 200 zilijiandikisha, tano zikafika fainali, na uwanja wa fainali ukawa vijiji karibu 170 vya Tanga, kwa Kiswahili, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Google ilitoa vishikwambi maelfu, umeme wa sola ukafungwa vijijini kwa ajili ya kuvichaji, na watoto karibu 3,000 wakakabidhiwa.

Kabla ya kuanza, asilimia 74 walisema hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu.

Tarehe 15 Mei 2019 washindi wawili walitangazwa, kila mmoja akapata dola milioni 5: onebillion, ya Kenya na Uingereza, na Kitkit School, ya Korea Kusini na Marekani. Kitkit iliongozwa na Sooinn Lee, aliyekuwa mbunifu wa gemu kabla ya kugeukia elimu, na kazi yake inaonyesha hivyo: mtoto anapita vituo vifupi, kila kituo kinampa jibu papo hapo, akikosea anarudia, akipata anafunguliwa kingine. Ni utaratibu uleule wa Tetris na wa Oregon Trail, ukiwa umepewa silabi za ba, be, bi.

Zawadi nzima ya shindano la Tanga, dola milioni 15, ni ndogo kuliko fedha za timu moja iliyoshinda Bucharest. Wala majina ya watoto wale hayakusomwa popote, ingawa wao ndio waliofanya kazi. Hakuna shindano la gemu lililowahi kuwa na wachezaji wagumu kuliko hao: hawakujua kioo cha kugusa ni nini, hakuna aliyewasomea maelekezo, na walichoshindana nacho ni kutojua kusoma.

Malawi imechukua programu ya onebillion na inaipeleka katika shule zake za msingi za serikali, vishikwambi na sola vikienda pamoja. Kwetu, ambako ilijaribiwa kwa lugha yetu, nafasi iko wazi kabisa, kwa kuwa masharti ya shindano yaliwataka wote watano wa fainali waachie msimbo wao hadharani. Programu hizo zipo mtandaoni kwa Kiswahili. Anayetaka kuzichukua, awe mwalimu mkuu, diwani, msikiti, parokia au mwenye kibanda cha gemu anayetaka asubuhi zake tupu zitumike, halipi kitu na haombi ruhusa. Anahitaji vishikwambi vichache, umeme wa kuvichaji, na mtu mzima mmoja wa kuvitunza wakati watoto wanacheza.